Mlango Uliotangulia Nyumba

Secilia alimiliki mlango miaka mingi kabla ya kumiliki nyumba. Ulikuwa mlango wa mbao ya mkulo, mzito kiasi cha kuhitaji wanaume wawili kuubeba, wenye michoro ya majani pembezoni na harufu ambayo mende hawakuipenda. Zamani ulikuwa kwenye nyumba kongwe ya Mlalo, moja ya zile zenye ghorofa na baraza ya mbao kwa juu, ambamo Secilia alipanga chumba alipoanza biashara ya matunda. Barabara ilipotaka kupanuliwa, nyumba ile ilikutwa imekaa ndani ya eneo la barabara, na mwenye nyumba hakuwa na karatasi hata moja ya kumtetea. Ikapakwa X nyekundu. Mkono mmoja wa X ulipita ukutani, wa pili ukakatiza mlango.

Siku ya kubomoa, mzee mwenye nyumba alimwambia mpangaji wake, "Chukua unachotaka, mwanangu. Mimi sina pa kuvipeleka." Wapangaji wengine walichukua mabati. Secilia akachukua mlango, pamoja na mstari wake mwekundu.

Tangu hapo mlango ule ulihama naye. Katika chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga uliegemea ukuta karibu na kitanda. Katika chumba kilichofuata ulilala chini ya kitanda, na kitanda kikainuliwa kwa matofali. Pale sokoni, alikonunua plamu na peasi kutoka kwa wakulima na kuzipanga kwenye matenga ya basi la alfajiri, watu walimwita Mama Glory kwa jina la binti yake aliyeolewa Tanga. Akishageuka walimwita Mama Mlango. Alilijua jina hilo na hakulichukia.

Kiwanja alikipata kwa kaka yake, walipogawana shamba la marehemu baba. Ni kipande cha mlima juu ya barabara, chenye mteremko ambao ukiangusha viazi kwako unakwenda kuviokota kwa jirani. Secilia alikipenda siku hiyohiyo. Ila kabla hajanunua hata tofali, alisema atakwenda Lushoto kuomba kibali cha ujenzi, na soko zima likamcheka.

"Mama Glory, huku watu wanajenga kwanza," alisema Amina, muuza vitunguu wa meza ya jirani na rafiki yake wa siku nyingi. "Karatasi inakuja yenyewe ikichoka kukaa ofisini."

"Ile X niliiona kwa macho yangu, Amina. Nalala nayo chumba kimoja."

"Basi ifute. Msasa si ghali."

"Siifuti. Ikiondoka nitasahau."

Ramani ya kwanza aliichorewa na kijana mmoja wa mjini ambaye hakuwahi kufika Mlalo. Ilikuwa nzuri, yenye rangi, na miti miwili iliyochorwa mbele. Secilia aliibeba kwa bahasha mpaka ofisi ya mipango miji, akaiweka mbele ya afisa aitwaye Janeth, mwanamke kijana aliyezungumza polepole na kupekua karatasi haraka.

"Mama, hapa kuna gereji," Janeth alisema.

"Ipo?"

"Ipo. Hilo gari litapandaje huko kwako?"

"Sina gari, mwanangu."

"Sasa gereji ya nini?"

Secilia alifikiri kidogo. "Nadhani inakuja na ramani."

Janeth hakucheka, lakini ilibidi afunike mdomo kwa kalamu. Alimweleza kwamba ramani ile ni ya kiwanja cha tambarare. Akija na ramani inayojua kwamba kuna mlima, atakuja mwenyewe kukiona kiwanja. Secilia akarudi, akamtafuta fundi Yusufu.

Yusufu alikuwa mtu wa Mazinde, kule chini barabarani ambako ardhi imelala kama mkeka. Alipanda mlimani kufuata kazi, na watani wake wa Mlalo hawakuchoka kumuuliza kama anaona kizunguzungu. Hakuwa mwepesi wa maneno, ila kuta zake zilikuwa zimenyooka, na alimjua mchoraji wa Lushoto aliyekuwa na akili ya milima. Ramani ya pili haikuwa na rangi wala gereji. Ilikuwa na vyumba vitatu, jiko la ndani na baraza.

Janeth alikuja kama alivyosema, raba miguuni na mabuti ya mvua mkononi. Alipanda mpaka juu kabisa ya kiwanja, akashuka, akapanda tena, akapima kwa chombo chake. Kibali kilipotoka kilikuwa na masharti. Nyumba ikae sambamba na barabara na isiisogelee kupita pale alipoweka alama. Kabla ya kuta kuinuka, juu ya nyumba ichimbwe kinga maji, yaani mtaro wa kukatiza mlima, upokee maji ya mvua na kuyapeleka pembeni korongoni, na usikaribie ukuta kwa chini ya mita tatu. Na msingi ukishachimbwa, kazi isimame mpaka yeye aukague, kabla ya jiwe la kwanza. Akikuta kitu kingine tofauti na ramani, kibali kinasimama na maombi yanaanza upya.

"Nimeomba nyumba," Secilia alimwambia Amina, "nimepewa na mtaro."

"Shukuru hukupewa na gereji."

Masika ilikuwa inakaribia. Maombi yakianza upya, mvua ingekuta kiwanja kimefukuliwa, udongo ungeteremka wote barabarani, na Secilia angerudi kuinua kitanda kwa matofali mwaka mwingine. Hilo alilijua. Kwa hiyo Yusufu alipomaliza kupigilia vigingi na kukaza kamba za msingi, na Janeth akaahidi kuja Jumatano, Secilia aliitisha ngemo.

Ngemo ni kazi ya majirani. Mwenye shughuli huita, watu huja na majembe yao, na malipo ni chakula cha siku hiyo na deni la kwenda kwao wakiita. Ina adabu zake. Wachimbaji wana kiongozi wao, na mwenyeji hasimami juu yao kuwaelekeza kama vibarua. Kazi yake ni kupika, kushukuru, na kusema poleni. Watu wa kitongoji kile walimkumbuka mwalimu mmoja mgeni aliyechimbiwa shimo na ngemo, halafu kesho yake akalifukia na kuchimba mahali pengine. Hakuna aliyemgombeza. Siku yake ya kupaua, walitokea yeye na mke wake.

Ngemo ya Secilia iliwekwa Jumamosi, ili isigombane na Ijumaa ya Waislamu wala Jumapili ya Walutheri. Asubuhi hiyo, kabla watu hawajafika, Yusufu alipigiwa simu kutoka Mazinde. Mjomba wake amefariki.

"Nenda, fundi. Pole sana," Secilia alimwambia.

"Wafuate kamba tu, mama," Yusufu alisema akifunga begi. "Kamba inajua kila kitu. Wasiiguse, waifuate."

Kiongozi wa wachimbaji alikuwa Mzee Sefania, na hapa ndipo mambo yalipogeuka. Sefania, ambaye sasa ni mzee wa kanisa, alifanya kazi miaka mingi na mradi wa kuhifadhi udongo. Alikuwa ndiye mpimaji wa makontua. Alikwenda shamba kwa shamba na fremu yake ya miti mitatu iliyoungwa kama herufi A, jiwe likining'inia katikati kwa uzi, akiwaonyesha watu mstari ambao mlima uko sawa, ili matuta yakae juu yake na majani ya guatemala yashike udongo. Mradi ulikwisha, yeye hakwisha. Mpaka leo akienda kwenye harusi hutazama kwanza shamba la mwenyeji. Kwake, mtu anayechimba mstari ulionyooka kwenye mteremko amemtukana mlima na wote wanaoishi chini yake.

Secilia hakuwapo alipofika. Alikuwa kwenye jiko la nyuma ya chumba chake cha kupanga, yeye na Amina, wakipika makande kwenye sufuria lililoazimwa kanisani. Kutoka juu walisikia majembe na nyimbo, na kila wimbo ulipokolea Secilia alitabasamu na kuongeza kuni.

"Unasikia?" alimwambia Amina. "Hiyo ndiyo nyumba yangu inaimba."

Saa sita walipandisha chakula, Amina na makande kichwani, Secilia na chupa za chai ya tangawizi. Walipofika juu, Amina ndiye aliyeona kwanza. Alisimama ghafla mpaka sufuria likayumba.

Msingi ulikuwa umepinda.

Haukupinda kidogo. Kutoka upande mmoja wa kiwanja mpaka wa pili ulipita mtaro mmoja mrefu, wa kina, kingo zake zimekatwa safi kama mkate, na wote ulifuata tumbo la mlima kwa upole, ukiingia ndani palipoingia na kutoka palipotoka. Haukuishia kwenye kona za nyumba. Ulizipita, ukaendelea mpaka korongoni. Vigingi vya Yusufu vilikuwa vimeng'olewa na kupangwa vizuri chini ya mti wa mwati. Kamba yake ilikuwa imeviringwa na kutundikwa tawini.

"Shikamoo, baba," Secilia alisema.

"Marahaba, mwanangu." Sefania alikuwa ameegemea fremu yake, jasho likimtiririka, mwenye furaha ya mtu aliyeitwa tena kazini. "Yule fundi wako ni kijana mzuri, lakini wa Mazinde. Alipiga kamba kukata mlima! Tungeifuata ile, mvua ya kwanza ingeugeuza msingi kuwa mto. Nimemrekebishia."

"Umemrekebishia."

"Nimempimia upya kila kitu. Upande wa juu huu tumeumaliza. Tukishakula tunageukia wa chini, nao tuupindishe vivyo hivyo."

Wachimbaji wote walimtazama Secilia wakisubiri kuona atakavyofurahi. Walikuwapo wauza mbogamboga, walikuwapo waimba kwaya, alikuwapo na imamu msaidizi aliyekunja kanzu mpaka magotini. Mikono yao ilikuwa na malengelenge. Secilia alitazama mtaro, akawatazama wao.

"Poleni sana kwa kazi, baba zangu, kaka zangu," alisema. "Hii inatosha kwa leo. Kuleni. Msinichokee bure."

"Upande wa chini je?" mmoja aliuliza.

"Upande wa chini tunamsubiri fundi atoke msibani. Si vizuri nyumba ikaisha yeye hayupo."

Hilo lilikuwa na adabu ndani yake, wakalikubali. Walikula mpaka sufuria likakwanguliwa. Amina, akigawa chai, alimsogelea Secilia na kumnong'oneza, "Shoga, kabati utaliegemeza wapi kwenye ukuta kama huo?"

"Nyamaza, Amina."

"Nauliza tu. Hata kitanda itabidi kipindwe."

Yusufu alirudi Jumatatu mchana. Alitembea ukingoni mwa mtaro mpaka korongoni, akarudi. Secilia alisimama pembeni yake.

"Mama," hatimaye alisema, "hii ni nyumba au ni ndizi?"

"Mzee Sefania alipima."

"Kamba yangu nani ameitoa?"

"Imetunzwa. Iko pale kwenye mti."

Yusufu alivua kofia, akaivaa tena. "Madamu anakuja keshokutwa. Napiga simu Mazinde sasa hivi, waje vibarua wawili. Leo tunafukia, kesho tunachimba upya."

"Ukifukia, hapa sitakuwa na jirani."

"Usipofukia, hapa hutakuwa na nyumba."

Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Walikuwa wangali ukingoni mvua ilipoanza. Haikuwa masika yenyewe, ilikuwa ya kubipu tu, lakini milimani hata mvua ya kubipu hupiga kwa nguvu. Yusufu alikimbilia chini ya mwati. Secilia alijifunika khanga kichwani na kubaki palepale.

Maji yaliteremka kutoka juu ya mlima kama kawaida yake, mekundu, yakiwa na haraka. Yakafika kwenye mtaro wa Sefania, yakaingia. Secilia alisubiri yatokee upande wa pili, yateremke mpaka miguuni pake. Hayakutokea. Yalijikusanya, yakageuka, yakaanza kutembea polepole kuelekea korongoni, na udongo alipokuwa amesimama yeye ukabaki na mvua yake tu ya kutoka angani.

"Fundi!" aliita. "Fundi, njoo uone!"

"Naona hapahapa, mama. Inanyesha."

Secilia aliingiza mkono kifuani, akatoa bahasha ya kibali aliyotembea nayo tangu siku alipopewa, akakimbia nayo chini ya mti. Alimwekea kidole kwenye sharti la pili, lile la kinga maji.

Yusufu alisoma. Akasoma tena. Akachungulia mvua.

"Lakini iko palepale pa ukuta wa nyuma," alisema. "Hapa wanataka mita tatu."

"Basi sogeza ukuta."

"Niusogeze wapi? Mbele kuna barabara."

"Barabara iko wapi, na wewe uliweka vigingi wapi?"

Swali hilo lilimfanya Yusufu akune shingo. Mtu wa Mazinde akikaa na malori yanayopita usiku na mchana hujifunza kuiogopa barabara, na siku ya kupigilia vigingi alikuwa amerudi nyuma kuliko Janeth alivyotaka, kwa usalama tu. Mvua ilipokatika alichukua futi yake na kushuka mpaka kwenye alama ya Janeth. Alipima kupanda, akapima kushuka, akahesabu kwa midomo.

"Inaenea," alisema. "Inaenea kwa kubanana, lakini inaenea. Sasa nani atachimba? Mimi peke yangu mpaka Jumatano siwezi."

"Hilo niachie mimi."

Jioni ile Secilia alikwenda kwa Mzee Sefania peke yake. Alibeba chupa ya chai, maana mtu haendi kuomba mikono mitupu. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yake yote, na yalikuwa maneno mazuri. Alimkuta mzee barazani akinoa jembe.

"Onga mshi, baba," alimsalimu kwa Kishambaa, kisha akaongeza shikamoo, asije akaonekana amepunguza heshima.

"Marahaba. Karibu ukae."

"Baba, nimekuja kuwashukuru kwa ile kinga maji. Imekamilika, na leo imefanya kazi. Sasa tulikuwa tunaomba siku ya kuchimba msingi."

Sefania aliendelea kunoa. Alijaribu makali kwa kidole gumba. "Kinga maji," alisema.

"Ndiyo, baba. Ile mliyochimba Jumamosi."

"Jumamosi tulichimba kinga maji."

"Ndiyo, baba."

Mzee aliliweka jembe chini. "Mwanangu, mimi nimezeeka. Mjinga bado sijawa. Tulikosea?"

Maneno yote mazuri yalimtoka Secilia kichwani. Hapa hakukuwa na wachimbaji, hakukuwa na mtu wa kuona aibu mbele yake. Kulikuwa na mzee aliyeacha shamba lake Jumamosi kwa ajili yake, na aliyekuwa amemuuliza swali waziwazi.

"Mlikosea, baba," alisema. "Ila mmekosea mahali pazuri sana."

Sefania alimkazia macho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, kicheko kikapanda kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko, mpaka mke wake akatoka ndani kuuliza kuna nini. Secilia alimpa bahasha. Aliisoma barua ya kibali kwa kuiweka mbali na macho, na alipofika sharti la pili alitikisa kichwa kama anayesikiliza mahubiri yaliyomkuna.

"Huyu afisa kafundishwa vizuri," alisema. "Kwa hiyo ile kamba ya Mazinde itarudi? Itapita tena kukata mlima?"

"Itapita. Nyumba haina budi kunyooka, baba. Lakini maji hayataifikia. Umeshayapeleka korongoni."

Mzee alilipima hilo kama alivyopima mashamba. "Basi sawa," alisema. "Kesho alfajiri. Usipike makande, kuna wenye matumbo. Pika wali."

Jumanne walikuja wengi kuliko Jumamosi. Sefania hakuwaeleza lolote zaidi ya kwamba kinga maji imekwisha na sasa ni zamu ya msingi, na kama kulikuwa na aliyekumbuka mambo kwa namna nyingine, hakulisema. Yusufu alikaza kamba upya, akasimama juu yake na mwiko mkononi kama askari.

"Baba, leo kamba haiguswi," alisema.

"Naiona, mjukuu wangu. Nimefumba jicho moja nisiumie."

"Na lile fremu umeliacha nyumbani?"

"Limelala. Nimeliambia leo kuna msiba."

Walichimba kwa mistari iliyonyooka, wakicheka, na kila aliyefika kona alimuuliza mzee kama anajisikia vizuri.

Janeth alifika Jumatano na raba zake. Alisalimia wakubwa mmoja mmoja, akafungua ramani, akaanza kupima. Alipima kutoka barabarani mpaka msingi wa mbele, akaandika. Alipima vyumba. Alipofika nyuma alimpa Yusufu ncha ya futi ashike ukingoni mwa msingi, akapanda nayo mpaka kwenye kinga maji, akainama. Secilia, aliyekuwa ameshika mwiko wa wali, alipanda hatua mbili nyuma yake.

"Mita tatu na kiganja," Janeth alisema.

Mahali fulani nyuma Amina alisema "Alhamdulillah" kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Janeth aliufuata mtaro mpaka mwisho, akarudi akiutazama. "Mtaro mzuri. Nani alipima?"

"Mimi," alisema Sefania, akivua kofia.

"Mwisho wake kule korongoni mpange mawe, maji yasichimbe. Na ukingo wa chini muoteshe majani."

"Guatemala," alisema Sefania.

"Guatemala itafaa." Janeth alifunga ramani, halafu akasita. "Naomba niulize. Kila ninapokwenda, watu wanachimba msingi, na mtaro wananiahidi. Ninyi mtaro umetangulia. Kwa nini?"

Yusufu alitazama mwiko wake. Imamu msaidizi alitazama mawingu. Amina alishikwa na kikohozi.

"Sisi huku, binti yangu," alisema Mzee Sefania taratibu, "tunaanza na maji."

Janeth aliitikia kwa kichwa, akaweka sahihi kwenye kibali, na kumwambia Secilia anaweza kuanza kuweka mawe. Kisha akakaribishwa wali, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakuna meza. Secilia aliwatuma vijana wawili chumbani kwake. Walirudi wakihema, wamebeba mlango wa mkulo, wakaulaza juu ya lundo la mawe yaliyosubiri msingi.

Sefania alikataa kukaa. "Mimi sili juu ya mlango wa mtu," alisema. "Mlango ni wa kuingilia. Fundi, mlango wa mbele unakaa wapi?"

Yusufu alionyesha kwa mwiko. Wanaume wawili waliuinua mlango, wakausimamisha pale kati ya mitaro ya msingi, mmoja kila upande, mstari mwekundu ukitazama barabarani. Mzee alizunguka mpaka nje, ingawa nje na ndani vilikuwa kitu kimoja. Alisafisha koo. Akabisha kwa kidole kilichokunjwa, mara tatu.

"Hodi!"

Secilia alikuwa amesimama upande wa pili, katikati ya mahali ambapo ramani iliandika sebule. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa amebisha hodi kwenye nyumba za wengine, hata kwenye vyumba alivyovilipia kodi, maana geti lilikuwa la mwenye nyumba. Alijifuta mikono kwa khanga, kiganja kimoja baada ya kingine.

"Hodi, jamani," alirudia Sefania. "Wenyewe wamelala?"

"Karibu," alisema Secilia. "Karibuni. Karibuni ndani wote."

Wakapita mmoja mmoja mlangoni, kwa foleni, Janeth akiwa wa pili nyuma ya mzee, ingawa wangeweza kupita popote. Amina alipofika kizingitini alivua kandambili. Wali ulipakuliwa, watu wakakaa kwenye kingo za msingi, miguu ikining'inia vyumbani. Manyunyu yalipoanza hakuna aliyeinuka. Walifunika sahani kwa mikono na kuendelea kula, na juu yao, nyuma ya sebule, maji yaligeuka kimya kimya na kwenda zake korongoni.